Mwongozo wa Kuhifadhi Kompyuta Kongwe Pamoja na Mfumo Wake wa Uendeshaji

Si mara chache kompyuta iliyostahimili miaka thelathini ya giza na vumbi la stoo ikaharibiwa ndani ya dakika moja siku inapotolewa, kwa sababu tu aliyeipata alitaka kuona kama bado inawaka. Mwongozo huu umepangwa kwa ajili ya kuizuia dakika hiyo. Unahusu kompyuta za nyumbani na za ofisini zilizotengenezwa kati ya mwaka 1977, zilipoingia sokoni Apple II, Commodore PET na TRS-80, na katikati ya miaka ya 1990, ingawa mifano mingi imechukuliwa katika jamii ya IBM PC, ambayo ndiyo niliyoifanyia kazi kwa muda mrefu zaidi.

Jambo la kuamua mapema ni kitu gani hasa kinachohifadhiwa. Bati, plastiki na bodi vinaweza kungoja. Chembe za sumaku zilizo juu ya flopi na diski ngumu haziwezi. Tena, hata katika programu zenyewe kuna tofauti ambayo wengi hawaioni. Mfumo wa uendeshaji kama ulivyotoka kwa mtengenezaji, tuseme DOS 3.30 ya mwaka 1987, uliotumika katika jamii ya IBM PC, umeshanakiliwa na watu wengi na hautapotea kesho. Lakini mfumo uliomo ndani ya mashine iliyo mbele yako, ule uliowekewa draiva (programu ya kuendeshea kifaa) ya kadi ambayo hakuna tena anayeitengeneza, wenye faili la mipangilio la CONFIG.SYS lililobanwa mstari kwa mstari ili kumbukumbu ya kilobaiti 640 itoshe na AUTOEXEC.BAT, faili la amri za kuwashia, yenye menyu aliyoitunga mwenyewe mwenye mashine, huo una nakala moja tu. Huo ndio wa kuokolewa kwanza, na kila hatua inayofuata imewekwa mahali pake kwa kuzingatia hilo.

Nililijua hilo kwa hasara. Mashine ya kwanza niliyoipata ilikuwa na diski ngumu ya megabaiti 20. Niliiwasha, ikaamka, nikaitazama alama ya kungoja amri, C:\> kwa raha, nikapitia saraka moja baada ya nyingine bila kunakili chochote, kisha nikaizima nikalale. Kesho yake diski haikuzunguka, na haijazunguka hadi leo.

Hatua ya kwanza: piga picha na uandike, huku waya wa umeme ukiwa mbali

Fungua kasha ukiwa umevaa mkanda wa mkononi wa kuondoa umeme tuli, au walau ukigusa bati la kasha mara kwa mara, kisha piga picha kabla hujang'oa chochote. Picha ionyeshe kila kadi ilikuwa katika nafasi ipi, kila kebo bapa ilielekea upande gani (ukingo wenye mstari wa rangi ndio wa pini ya kwanza), na kila jampa (kiunganishi kidogo cha pini) na swichi ndogo ya DIP ilivyokaa. Katika IBM PC ya mwaka 1981 swichi hizo ndizo zinazoiambia mashine ina kumbukumbu kiasi gani, kadi ya video ya aina gani na visomaji vingapi vya flopi, kwa hiyo ukizigeuza bila kuandika utajitengenezea kitendawili.

Kuanzia IBM PC/AT ya mwaka 1984, taarifa za namna hiyo zilihamishiwa kwenye chipu ya CMOS, kumbukumbu ndogo ya mipangilio inayolindwa na betri, na miongoni mwake ni aina ya diski ngumu. Betri ikitoka, taarifa hupotea. Kwa sababu hiyo soma kibandiko kilicho juu ya diski na uandike idadi ya silinda, vichwa na sekta, yaani vipimo vya jinsi diski ilivyogawanywa. Seagate ST-225, kwa mfano, ina silinda 615, vichwa 4 na sekta 17 kwa kila traki (mduara mmoja wa data). Bila tarakimu hizo diski iliyo nzima kabisa itaonekana mfu, kwa kuwa mashine haitajua pa kuisomea.

Hatua ya pili: toa betri siku hiyohiyo

Hakuna kilichoua bodi nyingi za zama hizo kama betri iliyosahauliwa. Bodi za PC zenye chipu za 386 na 486, pamoja na baadhi ya kompyuta za Amiga, zililehemiwa betri ya nikeli na kadimiamu ya volti 3.6 iliyo kama pipa dogo la buluu au kijani. Ikizeeka huvuja, na majimaji yake hutambaa juu ya njia za shaba, hupenya chini ya soketi za chipu na kuacha ukoko wa kijani. Kata miguu yake au iyeyushe lehemu uitoe, hata kama inaonekana nzima.

Uvujaji wa betri hizo ni wa alkali, hivyo hupoozwa kwa siki nyeupe inayopakwa kwa mswaki laini na kuachwa dakika chache. Kisha bodi husuuzwa kwa maji yaliyosafishwa kwa mvuke, humalizwa kwa alkoholi ya isopropili ili kufukuza maji, na huachwa ikauke kwa siku mbili au tatu. Macintosh nyingi zilitumia betri ndogo ya lithiamu ya volti 3.6, ambayo ikipasuka huacha uchafu wa asidi; huo hausafishwi kwa siki bali kwa sodiamu baikaboneti iliyoyeyushwa katika maji, na kusuuza kufuate vilevile. Nimeona bodi za Macintosh SE/30 zilizotobolewa kabisa na uchafu huo. Vaa glavu na miwani katika kazi zote mbili.

Hatua ya tatu: pima umeme kabla haujafika kwenye bodi

Kwanza hakikisha mashine imeteuliwa kwa volti za ukutani kwako. Pawa saplai nyingi zina swichi ya nyuma ya kuchagua 115 au 230, na mashine iliyosafirishwa kutoka bara moja hadi jingine huenda bado iko kwenye volti za kule ilikotoka.

Kisha chunguza kapasita, vijenzi vinavyotunza chaji ya umeme, kwa kuwa zipo za aina tatu na kila moja ina ubaya wake. Zile za karatasi za kuchuja mawimbi kwenye mkondo mkuu, maarufu kwa jina la RIFA, zina ganda la plastiki angavu ya rangi ya asali ambalo hupasuka nyufa nyembamba kwa uzee na kuingiza unyevu. Zikipata umeme hulipuka kwa moshi mzito wenye harufu isiyotoka chumbani kwa siku kadhaa. Hizo usizipime, zibadilishe tu kwa kapasita mpya za daraja la usalama lilelile, yaani X2 au Y2. Za pili ni za tantalamu, matone madogo ya rangi ya machungwa au buluu yaliyotapakaa juu ya bodi za IBM PC na XT, ambazo hufunga saketi ghafla. Pawa saplai ikigoma kuwaka huku bodi ikiwa imeunganishwa lakini ikakubali ikiwa na mzigo mwingine, pima kwa mita kati ya volti 12 na ardhi, na mara nyingi utamkuta mkosaji ni tantalamu mmoja. Za tatu ni za majimaji, na zile ndogo za kubandikwa juu ya bodi zilizotumika mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990 ndizo mbaya zaidi: Macintosh Classic, LC na SE/30, na Amiga 600 na 1200, huvuja karibu zote. Dalili yake ni sauti hafifu, picha yenye kutetemeka, na harufu ya samaki pindi unapoigusa lehemu kwa joto.

Pawa saplai ya mashine za jamii ya PC isiwashwe tupu, kwa sababu nyingi zinahitaji mzigo ili zifanye kazi. Funga diski mbovu au kipinga cha nguvu kwenye mkondo wa volti 5, kisha pima volti 5 na 12, za chanya na za hasi. Mkondo wa volti 5 usipite 5.25. Kwa wenye Commodore 64 agizo hili ni kali zaidi, kwa kuwa pawa saplai yake ya awali, tofali lile zito lililojazwa utomvu mgumu, ikifa hupandisha volti badala ya kuzishusha na kuziunguza chipu za kumbukumbu. Mimi siitumii kabisa, hata ikipima vizuri leo, maana kipimo cha leo hakisemi lolote kuhusu wiki ijayo.

Monita ya chogo ni suala jingine. Ndani yake kuna maelfu ya volti yanayoweza kubaki muda mrefu baada ya kuzimwa, na shingo ya kioo ikigongwa kioo chote huweza kupasuka kwa kishindo. Asiyefundishwa na fundi wa runinga kuitoa chaji yake asiifungue.

Hatua ya nne: nakili flopi kabla ya kitu kingine chochote

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na ndipo papara hugharimu zaidi. Kazi hii haifanywi kwa mashine kongwe; hufanywa kwa kompyuta ya kisasa iliyounganishwa na kisomaji cha flopi kilichosafishwa na kujaribiwa kwa flopi isiyo na thamani.

Anza kwa kuifungia flopi isiandikike. Flopi ya inchi 3.5 hufungwa kwa kukiacha wazi kitundu chake cha pembeni. Ya inchi 5.25 hufungwa kwa kuziba pengo la ubavuni kwa kibandiko. Tahadhari hii si ya kinadharia. Windows 95 na matoleo yaliyoifuata huandika alama ndogo katika sekta ya kwanza ya flopi isiyofungwa, mahali penye jina la mfumo ulioiumba (kuifomati), na hufanya hivyo kwa sababu tu umeitazama. Ukikuta katika imeji (nakala kamili ya flopi ndani ya faili moja) herufi IHC mahali ambapo pangepaswa kusomeka MSDOS5.0 au jina jingine, jua kuwa kuna mtu aliyeichungulia zamani bila kuifunga.

Kisha ikague kwa mwanga wa pembeni kupitia dirisha lake, ukiizungusha kwa kidole kwenye kitovu. Madoa ya kijivu au duara hafifu ni kuvu, na flopi yenye kuvu isiingizwe katika kisomaji, kwa kuwa uchafu utashika kichwa na kuikwaruza hiyo pamoja na zote zitakazofuata. Ya inchi 5.25 hukatwa ukingo mmoja wa ganda, sahani ikatolewa, ikaoshwa taratibu kwa maji yaliyosafishwa yenye tone la sabuni ya vyombo, ikaanikwa kivulini na kuwekwa katika ganda safi la flopi iliyotolewa mhanga. Wakati wa kusoma, tumia masikio: kisomaji kikilia kama bawaba kavu, tabaka la sumaku linakwanguka, na dawa ni kukizima, kusafisha kichwa kwa isopropili ya asilimia 99 na kuiweka flopi hiyo mwisho wa foleni.

Sasa kuhusu chombo cha kunakilia. Kisomaji kilichofungwa kwa USB cha kununuliwa dukani hukupa sekta zilizokwisha kufasiriwa. Kikishindwa kufasiri, hukupa neno la kosa na basi. Tena hakitambui zaidi ya mipangilio michache ya PC ya inchi 3.5. Vifaa kama Greaseweazle, KryoFlux na Applesauce hufanya kazi kwa njia nyingine: hurekodi muda uliopita kati ya kila badiliko la sumaku na lifuatalo, mizunguko kadhaa kwa kila traki, na kuiacha tafsiri ifanywe baadaye kwa utulivu. Faida ni kwamba flopi husomwa mara moja tu, nawe unaweza kujaribu kuifasiri mara mia bila kuigusa tena. Kwa Greaseweazle, amri kama *gw read --revs=5 diski01.scp* hutosha kuchukua mizunguko mitano ya kila traki, na *gw convert --format=ibm.360 diski01.scp diski01.img* hukutolea kutoka humo imeji ya kawaida. Hifadhi zote mbili. Lile faili la SCP ndilo rekodi ya asili, na imeji ni tafsiri yake.

Ukubwa wa imeji ni kipimo cha kwanza cha usahihi, na inafaa kuuweka kichwani. Flopi ya PC DOS 1.0 ilikuwa ya upande mmoja yenye sekta 8, hivyo imeji yake ni baiti 163,840. Ya kilobaiti 360, iliyokuja na DOS 2.0 ya mwaka 1983, ni baiti 368,640. Ya megabaiti 1.2 ni 1,228,800, na ya 1.44 ni 1,474,560. Ukipata 1,720,320 usishangae: hizo ni flopi zilizobanwa sekta 21 kwa traki, kama zile za kusakinishia Windows 95, na programu za kawaida za kunakili flopi huenda zikazikataa zikidhani ni mbovu. Nje ya PC, ya Amiga ni 901,120 na ya Commodore 1541 ni 174,848. Flopi za Macintosh za kilobaiti 400 na 800 ziliandikwa na kisomaji kinachobadili mwendo wake kadiri kichwa kinavyosogea, hivyo kidhibiti cha flopi cha kawaida cha PC hakiwezi kuzisoma kamwe, hata ziwe mpya.

Kuna kosa moja la kiufundi ambalo hurudiwa sana. Kisomaji cha megabaiti 1.2 kina traki 80 nyembamba, na cha kilobaiti 360 kina traki 40 pana. Cha kwanza kinaweza kusoma flopi ya cha pili kwa kuruka traki moja moja, lakini kikiandika juu yake huacha mstari mwembamba katikati ya ule mpana wa zamani, na kisomaji cha 360 kikirudi kuusoma husikia sauti mbili kwa pamoja. Kwa hiyo soma kwa chochote kilichopo. Kuandika flopi ya 360 tafuta kisomaji cha 360.

Kila imeji inapokamilika, kokotoa alama yake ya SHA-256 (tarakimu zinazobadilika faili likibadilika hata kidogo) papo hapo na uiandike katika faili la maandishi lililo kando yake. Piga picha ya kibandiko cha flopi pia, hasa kama kina mwandiko wa mkono, kwa maana "diski ya kuwashia, usifute" iliyoandikwa kwa kalamu ni sehemu ya historia ya mfumo huo.

Hatua ya tano: diski ngumu, ambayo huenda ikakupa nafasi moja

Kama diski ni ya IDE, aina yenye kidhibiti ndani yake, itoe na uiunganishe na kompyuta yenye mlango halisi wa IDE inayoendesha Linux. Adapta za USB huzikataa diski nyingi za mwanzo, kwa kuwa hizo hujua kuhesabu kwa silinda, vichwa na sekta tu. Tumia *ddrescue*, programu ya kunakili diski zenye kasoro, kwanza kwa *-n* ili ichukue yote yaliyo rahisi bila kung'ang'ania sehemu mbovu, kisha kwa *-r3* irudi kwenye yaliyobaki. Usisahau kuipa faili la ramani, ambalo huiwezesha kuendelea ilipoishia hata umeme ukikatika.

Diski za zamani zaidi, za jamii ya ST-506 iliyoanza mwaka 1980, ni kisa kirefu. Mpangilio wa data juu yake hutegemea kadi ya kidhibiti iliyoiumba, kwa hiyo diski na kadi yake ni mume na mke, wasitenganishwe. Ipo kadi ya kusomea inayopandishwa juu ya kompyuta ndogo ya BeagleBone ambayo hunakili diski hizo moja kwa moja na inaweza baadaye kuiigiza diski ileile, nami naipendekeza kuliko njia nyingine yoyote. Usipokuwa nayo, unganisha diski na kadi yake, washa kutoka flopi ya DOS, na nakili mafaili kupitia mlango wa siriali wakati diski ikiwa hai. Ukimaliza, endesha programu ya kuegesha vichwa kabla ya kuzima, kwani ST-225 na wenzake hawavipeleki wenyewe mahali salama.

Diski iliyoganda, yaani ambayo mota yake hunguruma bila kuzungusha kitu, mara nyingine hufunguka ukiishika mkononi na kuizungusha ghafla kwa kifundo cha mkono wakati umeme unapoingia. Ikiamka, nakili saa ileile. Usiizime kwanza ili ukatafute kebo.

Hatua ya sita: chipu za ROM

Mfumo wa uendeshaji huanzia ndani ya chipu. IBM PC ya kwanza ilibeba kilobaiti 40 za ROM (kumbukumbu ya kusomwa tu), 8 zikiwa za BIOS, programu ya kuiamsha mashine, na 32 za lugha ya BASIC, na katika Macintosh na Amiga sehemu kubwa ya mfumo imo humo. Chipu za EPROM, ROM zinazoweza kufutwa na kuandikwa upya, zenye kidirisha cha kioo, hushikilia data kwa chaji ya umeme iliyonaswa, na chaji hiyo hupungua polepole kwa miaka na kwa haraka chini ya jua. Funika kidirisha kwa kibandiko kisichopitisha mwanga, ing'oe kwa zana yake bila kupinda miguu, isome mara tatu kwa programa, kifaa cha kusomea na kuandikia chipu, na ulinganishe alama za SHA-256 za mara zote tatu. Zikitofautiana, safisha miguu urudie. Usisahau kadi za video, mtandao na diski, ambazo nyingi zina ROM zake.

Hatua ya saba: thibitisha kwa emuleta

Imeji ambayo haijawahi kuwashwa ni ahadi tu. Weka alama ya kusomwa pekee kwenye ile ya asili, tengeneza nakala, na hiyo nakala ndiyo uipe emuleta, programu inayoigiza mashine kongwe, kwa sababu mifumo mingi huandika kitu diskini kila inapowaka. Kwa PC tumia 86Box, ambayo hukuruhusu kuchagua bodi, kadi na BIOS zinazofanana na mashine yako. Kwa Commodore kuna VICE, kwa Macintosh za awali Mini vMac, kwa kompyuta za PDP-11 na VAX kuna SIMH, na kwa mashine nyingine karibu zote kuna MAME, iliyoanza mwaka 1997 kwa ajili ya michezo na ikaimeza MESS, emuleta ya kompyuta, mwaka 2015. DOSBox ni nzuri kwa michezo, lakini imebeba DOS yake yenyewe, hivyo si kipimo cha haki cha mfumo wako.

Hatua ya nane: iendeshe mashine bila kuichosha

Mfumo ukishahifadhiwa, diski ya asili haina sababu ya kuzunguka tena. Itoe, ifunge katika mfuko wa kuzuia umeme tuli pamoja na karatasi ya tarakimu zake, na mahali pake weka mbadala. Kwa flopi kuna Gotek, kisomaji bandia cha flopi kilichowekewa programu ya FlashFloppy, inayosoma imeji kutoka fleshi ya USB. Kwa IDE kuna kadi ya CompactFlash kwenye adapta. Kwa mashine za XT kuna XTIDE Universal BIOS, inayoziwezesha kutumia diski za IDE. Na kwa diski za aina ya SCSI kuna BlueSCSI na ZuluSCSI. Vipimo vya zamani bado vinatawala: DOS 3.30 haivuki megabaiti 32 kwa kila sehemu ya diski, na BIOS nyingi za kabla ya katikati ya miaka ya 1990 hukwama kwenye baiti 528,482,304. Kadi ndogo ni bora kuliko kubwa.

Mbadala huo ufanye kazi bila kukata, kutoboa wala kulehemu chochote kisichoweza kurudishwa. Kwa msimamo huohuo sishauri kung'arisha plastiki iliyogeuka njano kwa haidrojeni peroksaidi na mwanga wa jua. Matokeo hupendeza picha, lakini unjano hurudi mara nyingi, na nimeona makasha yaliyobaki na mabaka meupe. Kitambaa chenye unyevu na sabuni laini kinatosha.

Kuhusu sheria na mahali pa kuweka nakala

Umri wa programu haufuti hakimiliki yake, na mtengenezaji kufunga biashara hakuifuti pia, kwa hiyo kuwa na nakala yako ni jambo moja na kuisambaza ni jambo jingine. Hata hivyo baadhi ya milango imefunguliwa na wenyewe. Microsoft iliweka hadharani msimbo wa MS-DOS 1.25 na 2.0 kwa leseni huria ya MIT mwaka 2018, ikaongeza 4.00 mwaka 2024. Msimbo wa Apple Lisa ulitolewa mwaka 2023 kupitia Computer History Museum kwa matumizi yasiyo ya kibiashara. Na FreeDOS, iliyoanza mwaka 1994, ni huru kabisa, ikifaa kwa mashine uliyoipata bila mfumo wowote.

Weka nakala tatu za kila faili, katika vyombo vya aina mbili tofauti, na moja iwe nyumba nyingine kabisa. CD za kuandikia nyumbani zisiwe tegemeo, kwa sababu rangi yake huchakaa. Mara moja kwa mwaka kokotoa upya alama za SHA-256 uzilinganishe na zile za awali. Mashine yenyewe ikae pakavu, mbali na jua na sakafu, katika joto lisilopanda na kushuka sana, na flopi zisimame wima mbali na spika na mota.

Mwisho, kabla ya kufunga kasha, bandika ndani yake karatasi yenye tarehe, orodha ya kapasita zilizobadilishwa, siku betri ilipotolewa, tarakimu za diski, na herufi nane za mwanzo za alama ya imeji yake. Andika pia kwamba diski iliyomo sasa si ile ya asili, na utaje ya asili imewekwa wapi.